Naomba ushauri: jezi za mazoezi zinanuka jasho hata baada ya kufuliwa

Wapendwa, niko Kisumu, na joto la huku ziwani mnalijua. Jezi zangu za poliesta zikitoka kwenye kamba zinanukia vizuri, lakini nikianza tu kukimbia na mwili kupata moto, kikwapa kinarudi. Za pamba hazinisumbui hivyo. Nafahamu poliesta hushika mafuta ya mwili na bakteria wakabaki humo, ndiyo maana hata dawa ya kulainisha nguo nimeiacha, huacha utando. Jik sithubutu, itakula rangi na lastiki. Aliyewahi kuloweka kwa siki nyeupe au bekingi soda, uliweka kiasi gani, kwa muda gani? Maji baridi au vuguvugu? Nafua kwa beseni, sina mashine.