Roald Dahl: mafuta Dar, urubani, ujasusi, vali. Yapi ni ya kweli?

Kalamu_Mpya: Wakuu, naandaa makala fupi kuhusu Roald Dahl, mwandishi wa watoto aliyezaliwa Cardiff mwaka 1916 kwa wazazi kutoka Norwei. Mitandaoni wanasema alifanya kazi Dar, akatunguliwa vitani, akawa jasusi, kisha akavumbua kifaa cha hospitali. Nichukue yapi?

Mzee_wa_Nyaraka: Dar chukua. Aliajiriwa na Shell 1934, akaletwa Dar es Salaam 1938. Vita vilipoanza alipewa askari wa KAR (jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) wawakamate Wajerumani waliokuwa wakitoka mjini. Novemba 1939 akaenda Nairobi kujifunza kurusha ndege aina ya Tiger Moth.

"Kutunguliwa" futa. Tarehe 19 Septemba 1940 alikuwa akipeleka Gladiator kwa Skwadroni ya 80 ya jeshi la anga la Uingereza, ndege ambayo hakuwahi kufundishwa kuirusha. Alijaza mafuta Fouka, akaelekezwa uwanja ulio maili 30 kusini mwa Mersa Matruh. Maelekezo hayakuwa sahihi. Giza likaingia, mafuta yakakaribia kwisha, akajaribu kutua jangwani, magurudumu yakagonga jiwe. Fuvu likapasuka, akapofuka kwa muda. Chanzo cha uzushi ni gazeti la Saturday Evening Post, lililochapa habari yake Agosti 1942 kwa kichwa kinachosema alitunguliwa Libya. Hakutunguliwa, wala haikuwa Libya, ilikuwa Misri.

Pwani2: Ujasusi upo, ila usimvike koti la sinema. Kuanzia 1942 alikuwa ubalozi wa Uingereza, Washington, akichota habari kwenye karamu za wakubwa na kuzifikisha kwa mtandao wa kijasusi wa Uingereza ulioongozwa na William Stephenson.

Fundi_Mirija: Kuhusu vali, kile kifaa cha hospitali: Desemba 1960 mwanawe Theo, mtoto mchanga, aligongwa na teksi New York, maji yakawa yanajaa kichwani. Mrija wa kuyatoa ulikuwa na vali yenye mpasuko mwembamba, na uchafu ukawa unauziba kila mara. Vali mpya ambayo Dahl alishiriki kuibuni ilitumia visahani viwili vya chuma, kila kimoja ndani ya kikasha kwenye ncha ya mrija mfupi wa silikoni. Presha ikitoka juu, kisahani kinafungua njia. Maji yakitaka kurudi, kinaziba. Ilikuwa tayari 1962, Theo akiwa hahitaji tena, lakini watoto wengine wapatao 2,000 hadi 3,000 waliwekewa.

Andika "mvumbuzi mwenza". Inaitwa Wade-Dahl-Till: Stanley Wade, mtengenezaji wa injini za ndege za mfano, ndiye aliyeichonga, Kenneth Till alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo.