Bodi ya chesi ya betri "iliyomshinda grandmasta": kuna ukweli?

Mkazi wa Area D: Wakuu, duka moja hapa Dodoma mjini linauza bodi ya chesi ya betri. Boksi limeandikwa "Imemshinda grandmasta, Elo 2500", yaani imemfunga mchezaji wa cheo cha juu kabisa cha chesi, na alama zake za nguvu (Elo) ni 2500. Naitaka kwa klabu ya shule. Nitoe hela?

Kete Nyeusi: Uliza kwanza huyo grandmasta alishindwa mchezo wa dakika ngapi, ujanja uko hapo: muda ukiwa mfupi, binadamu hukosea zaidi. Mwaka 1994 programu ya Chess Genius ilimtoa bingwa wa dunia Kasparov mashindanoni kule London, lakini kwa michezo ya dakika 25 kwa kila mchezaji. Hata Deep Blue, kompyuta kubwa ya IBM, ilifungwa 4–2 na Kasparov mwaka 1996 kwa michezo mirefu, kabla ya kumshinda mwaka 1997. Na Elo ya kwenye boksi mara nyingi ni ya ngazi ya juu kabisa, ile inayofikiri dakika kadhaa kila hatua. Iweke sekunde 5 kwa hatua, uone inavyoporomoka.

Ntyuka: Ipime dukani. Pakua DroidFish, app ya chesi ya simu za Android (bure), punguza nguvu ya Stockfish, programu inayocheza ndani yake, hadi Elo 2000, zichezeshe zenyewe kwa zenyewe kwa muda sawa, hamisha hatua kwa mkono kati ya simu na bodi, badilisha rangi kila mchezo. Bodi ya 2500 kweli ingepata kama pointi 9 na nusu katika michezo 10. Ikiambulia 5, basi ni ya 2000 hiyo.

Mkazi wa Area D: Muuzaji hataki boksi lifunguliwe.

Kete Nyeusi: Achana naye. Stockfish ya simu, bila kupunguzwa nguvu, inamzidi grandmasta yeyote. Hela nunua mbao, kete na saa.