Wamama wa maofisini na udumavu wa watoto: tuambizane ukweli leo

Mtu wa Kimara
Wakuu salaam. Hili jambo linanikera muda mrefu. Mtaani kwetu kuna watoto wa miaka mitatu ukiwaona utadhani wana mwaka na nusu, na ukifuatilia unakuta mama anatoka saa 11 alfajiri anarudi saa 2 usiku, mtoto kaachiwa beki tatu kutoka Iringa ambaye kwao kwenyewe wamedumaa, hapo unategemea nini? Uji anamaliza dada, mtoto anapewa biskuti na juisi ya pakti ili anyamaze. Mikataba ya lishe inasainiwa na wakuu wa mikoa mbele ya Rais lakini hakuna anayethubutu kuwaambia wamama ukweli. Miaka miwili ya kwanza mama akae nyumbani, baba atafute hela. Karibuni, matusi hapana.

Mnyalu wa Mafinga
"Kwao kwenyewe wamedumaa." Hebu nifafanulie hapo mkuu kabla hatujaendelea.

Mama Pacha
Baba atafute hela. Baba yupi? Huyu anayeacha elfu tano mezani ya watu sita halafu jioni anauliza nyama iko wapi? Nikikaa nyumbani miaka miwili hao watoto watakula maneno yako?

Mtu wa Kimara
Mama Pacha usilete mambo ya ndani kwako hapa. Mnyalu, sijatukana mtu, takwimu zipo wazi.

Kijiwe cha Posta
Kama ni takwimu basi tuzitumie vizuri. Ule utafiti wa afya wa 2022, watoto waliodumaa taifa zima ni asilimia 30, ule wa 2015/16 ilikuwa 34. Iringa ni kama 57, Njombe na Rukwa wako kwenye 50 hivi. Dar yenye maofisi yote na foleni zote za Mbagala na Kimara iko chini ya wastani wa taifa. Sasa mkuu, kama ofisi ndiyo inadumaza si Dar ingeongoza?

Mtu wa Kimara
Kwa hiyo na wewe unakiri Iringa wanaongoza. Ahsante.

Mnyalu wa Mafinga
Hahaha umeona ulichochagua kusoma? Mabinti wa Iringa ndio wamewalea nyie watu wa Dar wote mpaka mmepata akili za kuja kutukana humu. Mnawachukua wakiwa na miaka 15, mshahara mnawakopa, wanalala jikoni, halafu mtoto akiwa mfupi lawama kwa dada. Muulize dada mwenyewe kala nini leo.

Tajiri Mfupi
Mimi nina futi tano na inchi mbili, nina nyumba mbili na mke mrefu. Mnaosema ufupi ni ugonjwa tukutane benki.

Ulanzi Baridi
Wakubwa tuseme na lingine, kule kwetu Iringa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, baba na mama wote wako kilabuni, mtoto anaonjeshwa alale. Hilo nalo mtalisingizia ofisi?

Mnyalu wa Mafinga
Na wewe unajiita Ulanzi halafu unatuchoma? Sio kila nyumba hiyo bwana. Mtu wa pwani akinywa bia ni starehe, sisi tukinywa ulanzi tunadumaza watoto!

Bwana Shamba
Kamwene wote. Nimefanya kazi huko miaka mingi kwahiyo nisikilizeni kidogo. Mnabishania ofisi wakati mama anayefanya kazi kuliko wote nchi hii ni yule wa kijijini. Mufindi kwenye chai anaingia shambani na umande, analipwa kwa kilo alizochuma, kwahiyo kila dakika anayokaa kunyonyesha ni hela inapungua. Mwenye shamba lake naye msimu wa kupalilia anaondoka asubuhi anarudi giza, mtoto yuko na dada yake wa miaka saba, wanakula ugali uliopoa na mboga za majani. Chakula kipo, sio njaa ile ya kukosa, mahindi yamejaa ghalani, ila maharage yanauzwa, maziwa yanauzwa, mayai yanauzwa, parachichi linapanda lori, kwa mtoto inabaki sembe. Ukanda ule unalisha nchi nzima na ndio unaongoza kwa kudumaa, mimi hilo linaniuma kuliko hizi kelele za beki tatu.

Kijiwe cha Posta
Hapo Bwana Shamba umenena.

Mtu wa Kimara
Umekubaliana na mimi sasa, mama akiwa mbali mtoto anadumaa. Mjini au kijijini ni yale yale.

Mama Pacha
Na baba akiwa kilabuni je, mtoto anarefuka?

Nesi Mstaafu
Jamani wanangu. Kwanza udumavu hautazamwi kwa macho ukiwa getini kwako, unapima urefu unalinganisha na umri wa mtoto. Kliniki nyingi tulikuwa tunakazania mizani, mtoto anaweza kuwa na mashavu mazuri tu na amedumaa. Pili unaanzia tumboni, mama mwenyewe hana damu, kabeba mimba akiwa binti mdogo, anabeba maji mpaka mwezi wa tisa. Baadaye mtoto anaharisha mara kwa mara kwa maji machafu, hata akila vizuri chakula hakishiki. Ndio maana tunasema siku 1,000, tangu mimba mpaka miaka miwili. Akishapita hapo kurudisha ni kazi kweli.

Tajiri Mfupi
Mama nesi kwahiyo mimi imeshakula kwangu?

Nesi Mstaafu
Wewe nenda kahesabu nyumba zako.

Mama Pacha
Sasa niwaambie kuhusu ofisi maana mnaongea tu. Sheria ya kazi inanipa siku 84 za uzazi, ukijifungua zaidi ya mmoja ni 100. Yani mwanangu wa pili serikali ilimhesabia siku 16. Wataalamu wanataka maziwa ya mama tu miezi sita, sheria imeishia chini ya miezi mitatu, hiyo tofauti nani anainyonyesha? Kuna yale masaa mawili ya kunyonyesha kwa siku, sawa, ofisi iko Posta nyumbani Chanika, masaa mawili hayanifikishi hata huko nyumbani. Nikamwambia bosi basi nipate pa kukamulia, nikaonyeshwa chooni. Na huyo baba wa kutafuta hela anapewa siku 3, akimaliza kupokea wageni zimeisha.

Kijiwe cha Posta
Na hapo wewe una mkataba. Mama lishe, kibarua wa kiwandani, muuza mchicha, hao hata hiyo 84 hawaijui. Na dada wa kazi akizaa si anafukuzwa siku hiyo hiyo?

Mtu wa Kimara
Mnakimbia hoja. Mimi nimeuliza mama au kazi, nyie mmeleta siasa.

Mnyalu wa Mafinga
Umeuliza wapi? Umetukana kabila la watu ukaita hoja.

Bi Harusi Mpya
Samahani naingilia, mimi naanza kazi mwezi ujao mwanangu anatimiza miezi sita. Nimeambiwa nisage unga lishe wa nafaka nane, mahindi, mchele, ulezi, soya, ngano, mtama, karanga na korosho. Unatosha?

Ulanzi Baridi
Nafaka nane, huyo mtoto au mashine?

Nesi Mstaafu
Mwanangu huo ni mzigo kwa tumbo la miezi sita. Chukua nafaka moja, lishe nyingine ongezea kwenye sufuria, yai, dagaa waliosagwa vizuri, parachichi, mafuta kidogo, na uji uwe mzito sio wa kunywa kama maji. Na uendelee kunyonyesha, ukirudi jioni na usiku kucha.

Mama Pacha
Mimi niliweka karanga na wanangu wako vizuri tu.

Nesi Mstaafu
Shida ni zile zilizovunda. Karanga na mahindi yaliyokaa na unyevu yana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na hata ukichemsha haitoki.

Bi Harusi Mpya
Sasa mama, karanga niweke au nisiweke?

Nesi Mstaafu
Weka, ila usinunue zilizokwisha sagwa. Nunua nzima, zichambue mwenyewe, iliyojikunja au yenye ukungu tupa, na usimpe hata kuku.