Tupeane uzoefu: ulipokutana na mheshimiwa, nini kilitokea? Moshi na Arusha tuanze

Fundi Geti
Wakuu, heshima kwenu. Sitaki ugomvi wa vyama, kwa hiyo majina ya watu na vyama yaacheni kapuni. Kila mtu aseme alichokiona mwenyewe: hawa waheshimiwa madaraka wanayapataje, na wakishayapata wanayafanyia nini.

Naanza mimi. Nachomelea mageti hapa Moshi, mjini au vijijini sisemi. Mbele ya karakana yangu kalavati lilizama wakati wa masika, gari haipiti. Mheshimiwa mbunge alipokuja kwenye mkutano nikanyoosha mkono. Akasema, "Hili nalibeba mwenyewe mpaka Dodoma." Tulipiga makofi, mimi wa kwanza.

Miezi minne kimya. Halafu Jumatano moja asubuhi, greda hilo! Nyuma yake boza la maji linalaza vumbi. Nikasema kumbe mtu wa watu huyu. Nikamnunulia dereva soda. Akaniuliza, "Bosi, shule ambayo waziri anakuja kuzindua madarasa ndiyo ipi?" Greda likachonga mpaka getini pa shule, likageuza. Kutoka pale hadi kwenye kalavati ni hatua mia mbili na kumi. Nilizihesabu.

Mama Watatu
Pole mwanangu. Mimi niseme la kuyapata hayo madaraka, maana nilikuwa jikoni. Mwaka 2020 nilikuwa mjumbe wa mkutano wa jimbo, ule wa kumpigia kura anayetaka kugombea ubunge kwa chama, na chama sikitaji kama ulivyoomba. Mimi muuza ndizi, wiki tatu nzima nilikuwa mtu mkubwa. Saa nne usiku mbwa wanabweka, hodi hodi, mtia nia yuko mlangoni na kijana wa kumshikia tochi. Hasemi amekuja kukununua, anasema, "Mama, hii ni nauli ya siku ile." Nauli! Ukumbini mimi natembea kwa miguu. Kuna mmoja alileta nauli ya kwenda Mwanza na kurudi.

Nilipokea nauli za watu wanne, Mungu anisamehe, nikampigia wa tano ambaye hakuleta hata chumvi. Huyo nilimwona msibani kwa jirani yangu akichimba kaburi, mwaka ambao hakukuwa na uchaguzi wowote. Kura zikahesabiwa mbele yetu. Kuna bwana alikuwa amegawa vitenge, akapata kura tatu. Nilimwona anazungusha macho ukumbini, midomo inacheza, anahesabu wanawake waliovaa vitenge vyake. Mimi nilikuwa mstari wa pili, nimekivaa.

Aliyeongoza kwa kura zetu, jina lake likapanda kwenye vikao vya juu. Likarudi la mwingine. Ndiyo maana zinaitwa kura za maoni, mwanangu. Maoni mtu anayasikia, halafu anaamua lake.

Chalii wa Sakina
Mama umeniua 😂 Wajumbe sio watu! Nauli ya Mwanza uliirudisha?

Mama Watatu
Nililipia ada ya mtoto.

Masjala Mstaafu
Nimekaa serikalini miaka 31, mingi ofisi za mkoa na halmashauri huku kaskazini. Fundi, ulimfuata mwenye sauti ukadhani ana saini. Mbunge wa jimbo anaingia baraza la madiwani kama mjumbe, na kelele zake wakati wa bajeti zina uzito, nisimdharau. Lakini hela ya halmashauri haidhinishi yeye. Afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya matumizi ya fedha, ni mkurugenzi, na mkurugenzi anateuliwa na Rais, sawa na mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Tena barabara ya mtaa wako haiko hata halmashauri, tangu 2017 iko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Fungu ambalo mbunge analikalia kiti ni mfuko wa jimbo, ule wa sheria ya 2009, yeye ndiye mwenyekiti wa kamati. Hiyo ni hela ya mabati na saruji, usiitegemee kwa daraja.

Na hawa wa kuteuliwa msiwaonee wivu. Nilifanya kazi chini ya bosi mmoja, wilaya siitaji. Akipita korido watu wanazima redio. Ijumaa jioni mkeka, yaani orodha ya teuzi, ukatoka, uteuzi wake umetenguliwa. Aliusoma kwenye simu ya dereva wake. Jumatatu akaja kuchukua birika lake la chai na picha za watoto. Mlinzi, yule aliyekuwa anapiga saluti mpaka kofia inadondoka, akamsogezea kitabu cha wageni aandike jina na anakotoka. Akaandika. Pale pa "anakotoka" alikaa muda mrefu na kalamu mkononi.

Meku wa Vunjo
Hapo umenikumbusha Mzee Mrema wetu, marehemu. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa akitoa siku saba, mtu analipa deni siku ya tano. Mzee Mwinyi akampa na Unaibu Waziri Mkuu, cheo ambacho kwenye Katiba hakimo. Wote wawili walijua kilitoka wapi. Akahamishiwa wizara ya kazi, na 1995 akatoka CCM, akagombea urais kwa NCCR-Mageuzi, akapata karibu asilimia 28. Siku hizo huku kwetu watu walikuwa wanasukuma gari lake kwa mikono, na gari ni zima!

Boda wa Usiku
Mimi nilikula saa 48 za mahabusu. Sasa hivi nipo Arusha, ila ilikuwa wilaya nyingine, tuishie hapo. Tulichanga elfu kumi kumi za kisima, mkutanoni nikauliza risiti ziko wapi. Mheshimiwa akatabasamu: "Huyu kijana anaonekana msomi, mchukueni mkamwongezee elimu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kuja kushtuka nimeshikwa suruali kwa nyuma. Mkanda nje, viatu nje, maelezo sikuandikishwa. Siku ya tatu naambiwa nenda nyumbani. Pikipiki nikaikuta, betri haipo.

Masjala Mstaafu
Pole sana kijana. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 kweli inawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya hizo saa 48. Lakini ni kwa mtu anayehatarisha amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia, na sababu ziandikwe. Kuuliza risiti sikukuona mle.

Mwalimu Mstahimilivu
Tusiwaseme wote jamani. Zahanati yetu ilikaa boma miaka, hadi mbunge mmoja wa viti maalum, ambaye hata jimbo hana, alipouliza swali bungeni. Naibu waziri akajibu kwamba fedha zimetengwa mwaka ule. Tulichapa ukurasa ule wa Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, tukawa tunaingia nao ofisini kama cheti cha kuzaliwa. Mabati yalifika.

Jirani wa Kaloleni
Mimi napita kila siku kwenye Makumbusho ya Azimio hapa Arusha. Azimio la Februari 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa kwenye kampuni na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, wakalegeza. Juzi nikamwambia mwanangu hapa ndipo ilipotoka miiko ya uongozi, akaniuliza, "Ile ya kusongea ugali?" Sikucheka sana. Mwenye nyumba wangu ni mheshimiwa, na kodi ni miezi sita.

Mama Watatu
Fundi, kalavati limefikia wapi?

Fundi Geti
Mama shikamoo. Nilimsikiliza Mstaafu. Nimeandika barua TARURA, nakala kwa diwani na kwa mtendaji wa kata, zote zimegongwa muhuri na tarehe inasomeka. Ya Hansadi sina, lakini nimepiga picha muuza maziwa akivuka na ndoo kichwani, viatu mkononi. Nimebandika nyuma ya barua.

Chalii wa Sakina
Na waziri anarudi lini huko?

Fundi Geti
Nasikia wanataka kuzindua na vyoo.

Chalii wa Sakina
Vya shule ile ile?

Fundi Geti
Ile ile. Nimemwomba mwalimu mkuu wavijenge upande wa huku kwangu.