Familia Moshi: malengo ya Junior

Mama Junior: Shikamoo mama, wengine hamjambo. Mwalimu wa kitengo cha usonji shuleni anataka malengo ya Junior ya muhula huu. Nimeandika "achangamane na wenzake". Inatosha wifi?

Shangazi Anna: Haitoshi. Kuchangamana utakuhesabuje? Andika kitendo, kwa nani, mara ngapi, kwa msaada gani. "Jirani akiingia uani, Junior atamsalimu ndani ya sekunde 10, mara 4 kati ya 5, siku 3 mfululizo, bila kusaidiwa."

Baba Mdogo Elia: Lazima atamke, dada?

Shangazi Anna: Kupunga mkono au kuonyesha kadi ya picha ni salamu pia. Na asishikwe kidevu ili atazame watu machoni. Wengi wenye usonji wakilazimishwa hivyo hata unachosema hakiwaingii.

Bibi: Marahaba. Mimi nikimwambia "sema shikamoo", naye anasema "sema shikamoo" 😄

Shangazi Anna: Anarudia alichosikia, mama. Toa hilo "sema". Wewe kaa mbele yake kimya. Baba yake awe nyuma, anong'one "shikamoo" tu, Junior akirudia nawe uitikie papo hapo. Akizoea, baba anong'one "shi...", kisha amguse bega, kisha aache kabisa. Msaada ukikaa mno, mtoto atasubiri kunong'onezwa siku zote.

Baba Junior: Tusubiri kiasi gani kabla ya kumsaidia?

Shangazi Anna: Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Watu huingilia kwenye tatu, wakati yeye ndiyo kwanza anatafuta neno.

Mama Junior: Na michezo?

Shangazi Anna: Kupokezana mpira na dada yake, wamekaa chini, zamu 5, basi. Watoto wa mtaa baadaye. Ila kwenye salamu, kwanza mhesabu siku 3 anafanya nini mwenyewe. Akiwa 0 kati ya 5, anzeni na lengo la mara 2 kati ya 5. Ile 4 yangu ni ya mwishoni.

Baba Mdogo Elia: Desemba ukoo wote unapanda huku mlimani. Itakuwaje?

Shangazi Anna: Salamu ya Bibi haihamii kwa wengine yenyewe. Kuanzia Oktoba ongezeni mtu mmoja kila wiki, wewe Elia wa kwanza, halafu mama wa genge. Siku yenyewe asipangiwe foleni ya kusalimu watu thelathini. Awasalimu wawili watatu, kisha apate chumba kisicho na kelele.

Bibi: Achukue changu. Wanywa pombe ya mbege wabaki uani.