Mjadala: Je, meneja wa mradi wa programu ni lazima awe amewahi kuandika programu?

Mleta mada
Wadau, naomba tulijadili jambo hili kwa hoja. Kampuni nyingi ndogo hapa Dar es Salaam humkabidhi umeneja wa mradi yule kijana anayeandika programu vizuri kuliko wenzake, bila kumfundisha kukadiria muda wala kugawa kazi. Nyingine huajiri mtu mwenye cheti cha usimamizi wa miradi ambaye hajawahi kuandika programu hata siku moja. Ni njia ipi inayomjenga meneja wa kweli? Naegemea ya pili, kwa kuwa watengeneza programu wetu, kwa jumla, hawajui kumsikiliza mteja.

Mtengeneza programu, Sinza
Mkuu, swali ni zuri, ila sentensi yako ya mwisho siwezi kuiacha ipite. Tuliwahi kutengeneza mfumo wa mauzo kwa ajili ya duka la vyombo Kariakoo. Meneja wetu, mwenye cheti, alikusanya mahitaji kwa kumpigia simu mwenye duka. Mfumo ukahesabu pisi moja moja, ilhali mle dukani sahani huuzwa kwa dazani na kwa katoni, na bei hushuka kadiri mzigo unavyoongezeka, kwa hiyo muuzaji akarudi kwenye daftari lake. Aliyelibaini tatizo ni mwenzetu mtengeneza programu, aliyekwenda kukaa nyuma ya kaunta asubuhi nzima akitazama mauzo yanavyoandikwa. Sasa, ni nani hakusikiliza?

Meneja wa miradi, Mbezi Beach
Kaka yangu, kosa la meneja mmoja halifuti taaluma nzima, na inaniuma kuona cheti kikitajwa kana kwamba ni aibu. Wewe eleza kwa nini mtengeneza programu husema "imebaki kidogo" wakati majaribio hayajaanza na mfumo unafanya kazi kwenye kompyuta yake peke yake. Mimi ndiye ninayekwenda kumweleza mteja. Mradi wangu wa mwisho ulipochelewa niliomba kuongezewa vijana, nikanyimwa, kisha lawama zote zikaniangukia.

Mwalimu wa chuo, Kijitonyama
Dada, pole kwa lawama, lakini huenda kunyimwa kule kulikuokoa. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu ambao tayari umechelewa huuchelewesha zaidi. Wageni hufundishwa na walewale waliolemewa na kazi, na mawasiliano huongezeka kwa kasi kuliko idadi ya watu: watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili, na watu 10 wana njia 45. Haya yanaweza kufundishwa darasani, na ninayafundisha.

Mtengeneza programu, Sinza
Mwalimu, tatizo letu kubwa ni mikataba. Kuna mkutano uliofanyika Marekani, kama sikosei mwaka 2001, ambapo wataalamu walikubaliana kwamba mkataba hauna maana, la msingi ni kushirikiana na mteja.

Mwalimu wa chuo, Kijitonyama
Sivyo walivyosema. Wataalamu 17 waliokutana Utah mwezi Februari mwaka huo waliupa ushirikiano na mteja uzito zaidi kuliko majadiliano ya mkataba, na wakaeleza wazi kwamba hata hayo majadiliano yana thamani yake.

Mfanyabiashara, Ilala
Mnatuzungumzia sisi wateja kana kwamba hatumo humu. Mimi hulipa malipo ya awali kabla sijaona chochote, kisha nikiomba jambo dogo libadilishwe naambiwa halimo kwenye mkataba. Meneja awe na cheti au awe fundi wa programu, kwangu ni sawa, ilimradi aniletee kipande kinachofanya kazi mapema, wauzaji wangu wakijaribu kwa bidhaa zetu wenyewe, na malipo yafuate vipande hivyo.

Meneja wa miradi, Mbezi Beach
Mzee wangu, hilo nalikubali, ila na wewe mteue mtu mmoja dukani kwako mwenye mamlaka ya kukubali au kukataa kila kipande. Miradi yangu mingi imekwama kwa kusubiri sahihi ya bosi aliye safarini.

Mfanyabiashara, Ilala
Na huyo mtu nitakayemtoa kaunta, saa zake za kazi zinalipwa na nani?