Huyu mhadhiri wa podikasti safari hii kanidhalilisha mbele ya chuo kizima!

Mleta mada:
Wakuu, hapa nilipo natetemeka. Simtaji, mnamjua: yule mwenye maikrofoni kubwa kuliko adabu. Tangu aingie kwenye podikasti, darasani amekuwa mwezi wa Idi, wengine wanasema kaonekana, wengine bado.

Jana usiku kaachia kipindi cha mfumuko wa bei. Nikajifunika shuka, eafoni masikioni, daftari tayari. Dakika ya 41 namsikia: "Kuna binti wa benchi la nyuma, mwenye mkoba wa njano, kaniuliza eti mfumuko ukishuka mbona bei hazishuki. Hahaha! Hilo akamuulize muuza vitumbua." Halafu jogoo wake akawika. Wakuu, JOGOO!

Mkoba wa njano ninao mimi peke yangu. Kacheka mpaka kapaliwa, na swali hakujibu! Kikohozi kafuta, kicheko kaacha. Muuza vitumbua! Darasani ningetukanwa ingepita na upepo. Hii watu wanaipakua, wanairudisha nyuma, wanaitupia kwenye magrupu. Leo asubuhi kantini kuna mtu kaniwikia.

Na faili katuma WAV, sauti isiyobanwa hata kidogo. Dakika moja inakula kama MB 10, saa nzima zaidi ya MB 600. Angeibana iwe MP3 ya kawaida, hata 60 isingefika. Yaani nimenunua bando kwa hela yangu ili nitukanwe kwa ubora wa studio.

Mzee_wa_Kimbweta:
Pole. Kwani vitumbua unauzaje?

Kapuku_Msomi:
Kile kipande nimeshakikata, ndiyo mlio wa simu yangu. Jogoo kaingia kwenye mdundo kabisa.

Mleta mada:
Ungekuwa karibu ningekung'ata.

Bibi_Hesabu:
Dada, mfumuko ukishuka bei zinaendelea kupanda, ila polepole. Kitu cha 1,000 kikifika 1,100, mwaka unaofuata 1,133, mfumuko umetoka asilimia 10 hadi 3 na wewe bado unalia. Angekujibu asingepasuka.

Kapuku_Msomi:
Muuza vitumbua kajibu.

Supp_Tatu:
Afadhali nyie mna sauti. Wa kwetu anasoma slaidi za 2011 neno kwa neno, hadi namba ya ukurasa.

Bibi_Hesabu:
Chuo cha Duke kule Marekani mwaka 2004 waligawia mwaka wa kwanza wote iPod, vile vidude vya kusikilizia muziki, wasikilizie na masomo. Sisi tumegawiwa jogoo.

Mleta mada:
Jamani turudi kwenye mada, KACHEKA MPAKA KAPALIWA!!

Supp_Tatu:
Wa kwetu hata kucheka hajui. CA zenyewe, alama za majaribio ya darasani, mpaka leo hajabandika.

Mzee_wa_Kimbweta:
Samahani kutoka nje ya mada, kuna aliyeingiziwa boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi?

Supp_Tatu:
LIMEINGIA?? Chuo gani?

Kapuku_Msomi:
Niko foleni ya ATM hapa. Wanaotoka wote wamenuna.